Kivuli Juu ya Shamba la Iliki

SEHEMU YA KWANZA: Mayai Mawili

"Pumua polepole," Babu alinong'ona.

Ng'ambo ya korongo, tai jike alikuwa amesimama kwenye kiota. Kabla ya hapo, tangu alfajiri, hakuwa ameinuka. Sasa aliinamisha kichwa katikati ya miguu, kishungi kikasimama utosini, akawa anageuza kitu kwa ncha ya mdomo. Ukucha wa nyuma wa ndege huyo unazidi sentimita 5, na kwa huo humuua kima kabla hajajua kilichompiga. Lakini asubuhi ile vidole vyote alikuwa amevikunja kwa ndani, asije akakichoma alichokuwa akikilalia.

"Limepasuka, Babu?"

"La kwanza. La pili bado."

Zaina akaandika kwenye daftari lake la sayansi: Septemba, saa moja na nusu, ukungu umeinuka, yai la kwanza. Kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa. Uandishi ulianza Julai, katika baridi ya kipupwe, siku dume alipopiga mbiu juu ya bonde la mto Sigi. Alikuwa akipanda na kushuka angani huku akiita "kewii, kewii, kewii", mpaka macho yakamkosa ikabaki sauti peke yake. Siku chache baadaye jike akatoweka angani. Babu akasema: "Amelalia. Hesabu siku hamsini." Zikatimia hamsini.

Babu, Mzee Singano, alikuwa mlinzi wa msitu kwa miaka mingi, tangu kabla eneo hilo la Usambara Mashariki halijawa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani mwaka 1997. Wataalamu wa ndege waliokuja Amani walimtanguliza mbele njiani, na jioni walimsimulia waliyoyajua. Baada ya kustaafu alibaki na darubini yenye jicho moja zima na baiskeli isiyo na breki ya nyuma, ambayo kila mteremko alilazimika kuikokota. Waya wa breki, ule Zaina aliouzungushia utepe wa kijani ulipoanza kufumuka, ulikuwa umetoweka tangu mfungo. Ukimuuliza, alijibu neno moja: "Utapatikana."

Kiota chenyewe kilikuwapo kabla mama yake Zaina hajazaliwa. Kilikaa kwenye panda ya mvule mkubwa, mpakani hasa mwa shamba la iliki na msitu, urefu wa mita thelathini na kitu kutoka ardhini. Kila msimu jozi ile iliongeza vijiti juu ya vijiti na kutandika majani mabichi, hata upana wake ukakaribia mita 2. Tai huyu mwenye taji si ndege wa kuzurura mawinguni kutafuta chakula. Mabawa yake ni mapana lakini mafupi, na mkia ni mrefu, ili aweze kukata kona katikati ya miti. Huwinda kwa kukaa. Atatua juu ya tawi lenye kivuli, atanyamaza saa nzima, saa mbili, hata kundi la kima lisahau kwamba yupo. Kisha hujiachia.

Siku ya tatu yai la pili likapasuka.

Zaina alifurahi, akachora kinda wawili weupe na kuwapa majina. Babu alipoona majina yale, uso ukamwiva.

"Futa," alisema. "Mmoja tu."

Hakumwelewa mpaka kesho yake. Dume alikuwa ameleta perere asubuhi, nyama ikajaa kiotani, na mama alikuwa akimega vipande vidogo na kuvishusha kinywani mwa mkubwa. Mdogo akainua shingo. Mkubwa akamgeukia, akamdonoa kichwani. Akamdonoa tena. Mdogo akajikokota hadi ukingoni mwa kiota, mkubwa akamfuata huko.

"Babu! Mama yake anaangalia tu!"

"Hataingilia."

"Lakini nyama imejaa!"

"Haigombaniwi nyama, mjukuu wangu. Yai la pili ni la tahadhari. La kwanza likiwa viza, la pili lipo. La kwanza likitoka zima, ndivyo unavyoona. Sijapata kuona jozi hii ikilea wawili."

Jioni kichwa kimoja tu kiliinuka kula. Zaina aliufuta mchoro mmoja kwa kidole chenye mate mpaka karatasi ikatoboka.

Wiki ya pili, dume alifika kwa sauti ileile, akiwa amebeba nusu ya mbele ya paa. Jike akaupokea mzigo, akaukanyaga, akaanza kumega. Jua likapenya kwenye majani, na kitu shingoni mwa yule paa kikametameta.

Zaina alisugua kioo cha darubini. Hakikuwa damu wala mfupa. Ulikuwa waya wa mtego, umekatika mwisho mmoja, na tanzi lake lilikuwa limelala wazi katikati ya kiota.

Kinda alisimama kwa miguu yake dhaifu, akaifuata nyama, akaingiza kichwa ndani ya tanzi.

ITAENDELEA

SEHEMU YA PILI: Ndege Mweupe

ILIPOISHIA: Dume ameleta paa mwenye waya wa mtego shingoni, na kinda ameingiza kichwa ndani ya tanzi. SASA ENDELEA…

Mama alivuta nyama. Waya ukajikaza.

Kinda alipanua mdomo bila sauti kuvuka korongo. Mama akavuta mara ya pili, na safari hii akaking'oa kichwa cha paa pamoja na ngozi ya shingo, akarudi nacho nyuma. Tanzi likatetema, likapanuka, likateleza juu ya manyoya laini ya kinda na kumwachia. Waya ukabaki ukining'inia ukingoni mwa kiota, ukichezea upepo.

Babu hakushangilia. Alikaa chini juu ya jiwe, akashika magoti.

"Mitego imeingia ndani ya hifadhi," alisema. "Na si mmoja. Paa mmoja akitoroka na waya, kumi wamebaki kwenye nyaya nyingine."

"Ni nani, Babu?"

Babu alikunja darubini. Hakujibu.

Mvua za vuli zikaja. Kinda akaacha kuwa pamba tupu, akaota manyoya. Watu waliopita njia ya shambani walianza kunong'ona, kwa sababu kinda wa tai huyu hafanani na wazazi wake. Wazazi wana migongo myeusi inayokaribia rangi ya makaa na vifua vilivyokatwa mistari. Mtoto ni mweupe kichwa na kifua, na miguuni ana madoa meusi. "Ndege mweupe juu ya mti, hiyo si heri," alisema mama mmoja kisimani. Neno likatembea.

Kadiri kinda alivyokua, tumbo lake lilizidi kazi ya dume. Katikati ya Novemba jike naye akatoka kuwinda. Zaina aliwaona wote wawili siku moja wakiwaendea mbega: dume alipita waziwazi juu ya kundi, mbega dume wakajirusha matawini kumkabili kwa makelele, na wote walipokuwa wakimtazama yeye, jike akatokea upande wa pili kimyakimya, chini ya mstari wa majani. Hakukosa.

Lakini siku nyingi walirudi mikono mitupu. Daftari lilionyesha hivyo. Septemba: perere, kima, paa, paa, perere. Novemba: kima, hakuna, hakuna, kima, hakuna. Paa hakuandikwa tena hata mara moja.

"Wanyama wa chini wamekwisha," Babu alisema. "Nyaya zimewamaliza. Sasa tutaona."

Wakaona. Jumatano moja, mchana, mbele ya watu waliokuwa wakianika iliki, jike alishuka ukingoni mwa shamba na kumpiga mwana-mbuzi wa mjomba Hozza. Hakuruka naye mzima. Alimburuta hadi kwenye vichaka, akafunika mabawa juu yake, akaanza kumchana. Hozza alimkimbilia na jembe. Tai akamtazama kwa yale macho ya njano, akangoja hadi hatua chache zibaki, ndipo akaondoka na mguu wa nyuma.

Usiku ule barazani Hozza hakukaa.

"Baba, ule mvule ukatwe."

"Kinda hajaruka," Mzee Singano alisema. "Zimebaki wiki mbili, tatu."

"Akiruka ndiyo watakuwa watatu wa kula mbuzi wangu!"

"Sikiliza, mwanangu. Siku hamsini za yai. Siku mia na ushei za kiotani. Akisharuka, atakaa miezi tisa, kumi, kumi na moja karibu na mti huu akililia chakula, na wazazi watamletea, kwa sababu kazi ya kuua kima haifundishwi kwa wiki. Ndiyo maana hawatagi kila mwaka. Yule Mwingereza Leslie Brown, aliyekuwa bwana shamba kule Embu nchini Kenya, aliwafuatilia miaka na miaka akaona hivyohivyo: mtoto mmoja kwa miaka miwili. Ukiangusha mti leo, hujaua ndege mmoja tu. Umefuta miaka miwili ya wazazi wake, na kiota cha miaka thelathini."

"Na mbuzi wangu?"

"Mbuzi wako nitakulipa mimi. Lakini tuulizane kwanza nani amewamaliza paa."

Hozza alinyamaza ghafla. Zaina, aliyekuwa akipembua mchele kwenye mwanga wa kibatari, aliona mjomba wake akitazama pembeni, palipoegemezwa baiskeli.

Siku tatu baadaye, mama yake Kassim alimkalisha mtoto wake wa miaka minne chini ya mkuyu, akampa kipande cha muhogo, akaingia kati ya mashina ya iliki kuchuma. Kivuli kikubwa kikapita juu ya shamba. Kima wakapiga kelele msituni. Mama akageuka.

Muhogo ulikuwa chini. Kassim hakuwapo.

ITAENDELEA

SEHEMU YA TATU: Kilio cha Kima

ILIPOISHIA: Kassim, mtoto wa miaka minne, ametoweka ukingoni mwa msitu mara tu kivuli cha tai kilipopita. SASA ENDELEA…

Hadi adhuhuri kijiji kizima kilikuwa chini ya mvule.

Mgambo walikuwa wamezunguka shamba wakiita. Hakuna aliyejibu. Simu kwenda ofisi ya hifadhi haikushika, mtandao ulikuwa umekatika tangu mvua ya usiku. Mwenyekiti wa kitongoji alituma kijana kwa pikipiki, na kila mtu alijua njia ile kwenye matope itamla saa mbili kwenda tu.

"Tai hawezi kumbeba mtoto yule," Mzee Singano alisema, akipaza sauti. "Jike mkubwa kabisa hafiki kilo tano. Kassim ni kilo kumi na tano. Anaweza kuua mnyama anayemzidi uzito, hilo sikatai. Kuruka naye hawezi. Angemwangusha hapahapa, na hapahapa tungekuta damu. Iko wapi damu?"

Watu wakatazama chini. Hapakuwa na tone.

Pengine wangetulia. Lakini mwalimu wa sayansi, kijana mpole aliyependa kujibu kila swali, aliulizwa kama imepata kutokea, naye akajibu kwa ukweli wake wote.

"Imetokea zamani mno," alisema. "Mwaka 1924 kule Afrika Kusini, kwenye machimbo ya chokaa ya Taung, lilipatikana fuvu la mtoto wa jamii ya binadamu wa kale. Profesa Raymond Dart akalitangaza mwaka uliofuata. Lina umri wa zaidi ya miaka milioni mbili, na mtoto mwenyewe alikuwa na miaka mitatu au minne hivi. Watu walidhani chui ndiye aliyemla. Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke wakasema ni ndege mkubwa. Baadaye, mwaka 2006, zikaonekana alama ndani ya matundu ya macho, zinazofanana na zile ambazo tai mwenye taji huziacha kwenye mafuvu ya nyani wa Afrika Magharibi. Lakini yule mtoto alikuwa mdogo wa umbo, na…"

Hakuna aliyesikia "lakini". Miaka minne, hilo ndilo walilosikia. Mama yake Kassim alianguka chini akilia, na Hozza akauchukua ule mkasa wa miaka milioni mbili akauinua juu ya vichwa vya watu.

"Mwalimu amesema! Mtoto wetu yumo mle ndani ya kiota! Leteni chenso!"

Chenso ilikuwa karibu mno. Zaina aliliona hilo, akalihifadhi moyoni: ilitolewa kichakani, imekwisha kujazwa mafuta.

Mzee Singano alienda akaegemea shina la mvule, mgongo kwenye gome, mikono imefumbatwa. "Mnikate mimi kwanza," alisema. Juu yake, kinda mweupe alisimama ukingoni mwa kiota akipiga mabawa, akiinuka nusu mita na kushuka tena, akijaribu hewa. Hakuwa tayari. Wazazi wake walizunguka juu ya mti wakiita.

Zaina hakukaa kutazama. Alimwinamia mama yake Kassim, akamshika mabega.

"Shangazi, nisikilize. Kima walilia vipi?"

"Nini?"

"Ulipogeuka. Kima. Walilia 'ka-ka-ka', wakaporomoka ndani ya majani wakanyamaza? Au walilia vingine?"

Mama alimtazama Zaina akidhani mtoto amechanganyikiwa. Kisha akakunja uso, akikumbuka.

"Walilia 'pyao'. Pyao… pyao… mmoja, dume nadhani. Kwa muda mrefu. Walikuwa wanatazama chini."

Zaina akahisi moyo unampiga masikioni. Msimu mzima Babu alikuwa amemfundisha hilo. Wanyama hawa hawapigi kelele ovyo. Hata tumbili wa Amboseli, watafiti walikwisha kuonyesha mwaka 1980, wana mlio wa tai, mlio wa chui na mlio wa chatu; akisikia wa tai hutazama juu, akisikia wa chatu husimama kwa miguu miwili na kukagua nyasi. Kima nao, anapokuja tai, dume hulia "ka" mkavu wa harakaharaka, na kundi hujificha. "Pyao" mara nyingi ni hatari iliyoko chini. Chui, mbwa. Au mtu.

Tai alipita, ndiyo. Kivuli kilikuwa chake. Lakini kilichowatisha kima kilikuwa kikitembea ardhini.

Aliteleza nyuma ya umati, akaingia msituni.

Ndani kulikuwa giza la kijani. Aliwapita hondohondo wakigombea tunda, nao hawakushtuka. Akasimama, akasikiliza. Mbali kidogo, upande wa kijito, sauti moja ilikuwa bado ikirudia, imechoka: "Pyao… pyao."

Aliifuata. Hatua hamsini, akakuta tanzi la kwanza, limetegwa kwenye kijinjia cha paa, tupu. Akakuta la pili. La tatu lilikuwa na mifupa. Akaelewa alichokuwa akiandika kwenye daftari bila kujua: mitego hii ndiyo iliyokuwa inaitwa "hakuna, hakuna". Mstari mzima wa nyaya ulikwenda sambamba na mpaka wa hifadhi, na mwenye kuutega alijua kila njia ya mnyama, kila kivuko cha kijito. Alikuwa mtu aliyeujua msitu huu maisha yake yote.

Dume la kima lilikuwa tawini, likitazama chini. Zaina akatazama linapotazama.

Katikati ya kuta mbili za mizizi ya mti mkubwa, alikaa Kassim. Alikuwa hai. Amelia hadi sauti imekauka, midomo imepasuka, na mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya tanzi.

"Usitikisike, Kassim. Nimekuja."

Alijaribu kulilegeza kwa vidole. Lilijikaza, na mtoto akafungua mdomo bila kutoa mlio. Mguu ulikuwa umeanza kuvimba na kubadilika rangi. Zaina akauacha, akaufuata waya kwa mkono kupitia majani makavu hadi mwisho wake, pale uliposokotwa kwenye mche, ili aufungue fundo.

Vidole vyake vikakutana na kitu laini. Akakifuta matope.

Utepe. Wa kijani. Umezungushwa kwa mkato aliouweka yeye mwenyewe kwa meno, kwa sababu siku ile hawakuwa na wembe.

Kijiti kikavunjika nyuma yake.

"Zaina." Ilikuwa sauti iliyomfundisha majina ya ndege wote wa bonde hili. Sauti ya mtu aliyemwacha ameegemea mvule. "Usiuguse huo waya."

Na juu kwenye mteremko, ambako sasa hakuna aliyeusimamia mti, chenso ikanguruma, kisha mlio wake ukazama: ilikuwa imeshika shina.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO